Studio ya Nyumbani na Hatima ya Kinyambo

Mwanamuziki wa Kihanga anayetaka kurekodi wimbo leo halazimiki kusafiri hadi Mwanza au Dar es Salaam. Akiwa na kompyuta, maikrofoni na chumba kilichotulia, aweza kutunga, kuimba na kuchanganya sauti mwenyewe. Wengi huliona jambo hili kuwa la kiufundi tu. Kwa maoni yetu, linagusa pia hatima ya Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa.

Mwenye studio yake ndiye achaguaye lugha ya wimbo. Saida Karoli alipovuma mwaka 2001 kwa nyimbo za Kihaya, lugha iliyo jirani na Kinyambo, ilidhihirika kwamba msikilizaji asiyeielewa lugha haukatai wimbo. Hata hivyo, kupendwa si kueleweka, na lugha isiyoeleweka haihifadhiwi kwa kuchezwa.

Kamusi ya Kinyambo ya J. M. Rugemalira, iliyotoka mwaka 2002, imetuhifadhia msamiati. Lakini Kinyambo ni lugha ya toni, na toni huhitaji sikio. Wimbo nao hauitoshelezi haja hiyo, kwani mara nyingine lahani huipinda toni ya usemi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Msanii aandike maneno ya kila wimbo pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Kisha, kabla ya kuzima mitambo, ajirekodi akiyasema maneno hayo kwa usemi wa kawaida. Dakika chache hizo zitamfaa mtafiti, na zaidi yake, mjukuu wa msanii mwenyewe.