Tishio la Kuua Halimalizwi kwa Balozi

Hapa Makumira, mtu akitishiwa kukatwa panga na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, huambiwa: "Mkamalizane kwa balozi." Nauheshimu usuluhishi, lakini mpaka na tishio ni mambo mawili. Mgogoro wa mpaka una baraza la kata la kuusuluhisha. Tishio ni jinai: kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinakataza matusi yanayoweza kuvunja amani pamoja na vitisho vya kumdhuru mtu. Aliyetishiwa aende polisi mapema, ataje mashahidi, na asiondoke bila namba ya RB. Tunapomhimiza mwenye hofu avumilie kwa ajili ya ujirani mwema, tunamlinda nani?