Shahada ya Amani: Twende, Lakini Tusitoroke



Vijana wetu hodari, waliokwisha kusimama mbele ya marungu na gesi ya kutoa machozi, hutujia na swali moja: je, wakasomee shahada ya uzamili katika masomo ya amani? Swali hili si la mtu binafsi. Aondokapo mmoja, watu aliokuwa akiwatetea hubaki wakimngoja.

Kwanza tukiri kwamba neno "amani" limenajisiwa nchini mwetu. Enzi za Nyayo, amani, upendo na umoja vilihubiriwa usiku na mchana, na aliyedai vyama vingi akaitwa mvunja amani. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata nyumba za Molo zikateketezwa, na mahubiri yale yale yakaendelea. Nabii Yeremia aliwakemea makuhani waliofunika kidonda kwa neno hilo hilo. Basi shahada inayotufundisha kumtuliza aliyedhulumiwa, pasipo kumhoji aliyedhulumu, ni shahada ya unyamavu. Hatuitaki!

Hata hivyo, tusiubeze usomi. Johan Galtung, aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa amani mjini Oslo mwaka 1959, alifundisha kwamba kunyamaza kwa bunduki si amani kamili maadamu mfumo wenyewe unawakandamiza watu. Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, kilifungua idara ya masomo haya mwaka 1973 kwa juhudi za waumini wa Marafiki, ndugu wa imani wa wale wa Kaimosi. Chimbuko la elimu hii, basi, si woga. Tena siku hizi hutolewa hata Nairobi. Si lazima kupanda ndege.

Lakini tuwatazame pia akina mama wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana, marehemu Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia sokoni, wakihakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote ananunua na kuuza bila kubughudhiwa. Mwaka 1995 Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir ikaundwa. Hawakungoja shahada. Ulimwengu ndio uliowafuata: mwaka 2007 Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood.

Msimamo wetu, basi, ni huu. Aende mwenye swali alilotumwa na watu wake: kwa nini Bonde la Ufa liliwaka 1992, likawaka 1997, na mwaka 2008 kanisa la Kiambaa likachomwa pamoja na waliokimbilia humo? Asiende anayetoroka mapambano, wala anayewinda kiti cha warsha na posho yake. Na chuo kitakachomzuia kuandika juu ya ardhi, polisi na kura, akihame.

Nanyi viongozi wa makanisa, mnaotia sahihi barua za mapendekezo, msimpendekeze mpwa wa mheshimiwa. Mpendekezeni yule ambaye waliofukuzwa makwao wanamjua kwa jina, na mumwekee ahadi ya kurudi kwao.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mwenye kwenda na aende, asome, arudi. Atatukuta papa hapa, tukidai kile kile.

Pasipo haki hakuna amani!