Dukati ya Venice na Wasiwasi wa Dhahabu

Bei ya dhahabu ilipopita dola 4,000 kwa wakia mnamo Oktoba 2025, nilisikia mengi barazani. Wako waliosema kuwa dawa ya shida za fedha ni moja tu: tuache noti turudie sarafu za dhahabu. Mimi siwafuati moja kwa moja, na shahidi wangu ni sarafu ya zamani iitwayo dukati.

Dukati ilianza kupigwa Venice, mji ambao Waarabu huuita Al-Bunduqiyya, mwaka 1284. Ilikuwa na uzito wa kiasi cha gramu 3.5, dhahabu safi ya karibu kareti 24. Wafanyabiashara wa Venice waliipeleka Iskandaria kununulia pilipili manga ya Bara Hindi, na kufikia mwanzo wa karne ya 15 ilikuwa imeenea katika masoko ya Misri na Sham.

Basi Waislamu wale waliipendea nini? Upande mmoja ilichorwa mtawala wa Venice amepiga magoti mbele ya Mtakatifu Marko; upande wa pili, mchoro wa Kikristo wa Nabii Isa. Waarabu wenyewe waliiita mushakhkhas, yaani yenye sura za watu. Hayakuwa mapenzi hata kidogo. Dinari za Kairo zilikuwa hii nzito, hii nyepesi, ikawa lazima zipimwe kwa mizani. Dukati zilihesabiwa tu, biashara ikaisha.

Zote mbili zilikuwa dhahabu! Tofauti ilikuwa kwa wapigaji. Mwaka 1425 Sultani Barsbay akapiga ashrafi, yenye uzito uliokaribiana na wa dukati, ila yenye maandishi bila sura, nayo ikakubalika. Watu wa Venice nao waliitunza dukati yao, karibu bila kuibadili, mpaka Napoleon alipoiangusha dola yao mwaka 1797.

Kwa hiyo sioni ajabu kwamba benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka, 2022 hadi 2024, hasa baada ya akiba za Urusi kuzuiwa na nchi za Magharibi. Zinazokimbiwa si karatasi, ni ahadi za wenye karatasi.

Na jambo hili linatugusa sisi katika zaka. Nisabu ya dhahabu ni mithqali 20, ambazo wanavyuoni wengi wa leo huzikadiria gramu 85. Kwa dukati, sarafu 25 zingeipita. Kwa noti, hesabu hubadilika kila mwaka: kwa bei ile ya Oktoba, nisabu hupita dola 10,000. Mwenye duka aliyekuwa akitoa zaka juzi, leo huenda akajikuta chini yake ilhali akiba yake haikupungua hata senti, na maskini aliyezoea kubisha hodi kwake bado yuko mlangoni.