Tusinunue kompyuta, tununue vipande

Kwenye kikao cha klabu ya kompyuta hoja iliyopigiwa makofi ni kwamba fedha zetu zote zinunue mashine moja mpya, kali, iliyofungwa kiwandani. Mimi sikupiga. Nasema tununue vipande tuunge wenyewe, na mfano wangu ni wa zamani, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Agosti 1998 Intel walitoa prosesa kadhaa. Pentium II ya megahezi 450 ilikuwa dola 669. Celeron 300A, ya wanyonge, dola 149. Watu wakaichokonoa hiyo ya wanyonge. Kasi ya prosesa ni kuzidisha tu: mwendo wa njia inayoiunganisha na memori, mara namba iliyopangwa kiwandani. Celeron ilikuwa 66 mara 4.5, yaani karibu 300. Ile 4.5 Intel waliifunga. Njia hawakuifunga! Ipandishe kutoka 66 hadi 100, unapata 450. Hesabu ya shule ya msingi kabisa, na prosesa nyingi zilistahimili.

Mwaka 1999 kampuni ya Abit ya Taiwan ikaleta BP6, mazabodi ya kufunga Celeron mbili, jambo ambalo Intel hawakulikusudia. Mtu wa kawaida akachukua mbili za 366, akazisukuma hadi 550 kila moja, akaweka feni za maana, basi nyumbani kwake kuna mashine ya prosesa mbili.

Sasa msinielewe vibaya, 550 mbili si 1100. Windows 98 iliiona prosesa moja tu. Ukitaka zote zifanye kazi uliweka Windows NT au Linux, na hata hapo programu isiyojua kugawa kazi ilikuwa kama wapishi wawili wenye mwiko mmoja. Joto lilipanda, dhamana ya kiwanda ikafutika, na baadhi ya BP6 kapasita zake zilivimba na kuvuja. Haya yote walioziunga waliyajua kwa sababu walizifungua.

Sisi je? Kozi yetu ya TEHAMA imenifundisha kwamba prosesa ni ubongo wa kompyuta. Nikajibu hivyo kwenye mtihani, nikapata maksi. Halafu nikaenda TP. Shule niliyopangiwa ilikuwa na chumba cha kompyuta, zimefunikwa mashuka, nyingi haziwaki. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mwalimu, wewe si umetoka chuo? Hebu tuangalizie." Nikabonyeza kitufe cha kuwasha mara tatu. Nikasema labda umeme. Wanafunzi walikuwa wamesimama dirishani wananitazama, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Rafiki yangu mmoja ananiuliza, "Mkiunguza?" Tutaunguza, ndiyo. Mwaka jana nilipindisha pini za mazabodi ya mtumba na haikuamka tena. Ndipo nilipojua prosesa inavyokaa mahali pake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: nusu ya fedha inunue vipande vya mtumba, hata viwili viwili ili kimoja kikifa tuendelee, na walimu wanafunzi wanaosubiri TP wapewe bisibisi kwanza. Nusu nyingine ibaki benki mpaka tuone mashine ya kwanza imewaka. Kikao ni Alhamisi.