Butembo–Beni: Dereva asiziachie esuiglasi za otomatiki kazi yote

Kati ya magari ya mtumba yanayoingia Butembo na Beni kupitia Kasindi, baadhi yana esuiglasi zinazoanza zenyewe mvua ikinyesha. Wenye magari wanajivunia, na si bure. Ila kwenye kilomita 54 za barabara ya taifa namba 2 kati ya miji hii, kuziamini tu ni hatari.

Karibu na kioo cha kuangalia nyuma kuna jicho dogo linalotuma mwanga usioonekana ndani ya kioo cha mbele. Kioo kikiwa kikavu, mwanga unarudi. Matone yakianguka, sehemu yake inapotelea nje, na esuiglasi zinaanza. Jicho halijui mvua, linajua mwanga uliopungua. Hata vumbi linaweza kulidanganya, kisha mpira unafagia kioo kikavu na mchanga unakikwaruza.

Mbaya zaidi ni kioo kilichobadilishwa. Jiwe limekipasua, garaji imeweka kingine, lakini jicho halikubandikwa sawasawa, hewa imebaki katikati. Lori linarusha maji ya tope, dereva anasubiri esuiglasi, haziendi, na mbele kuna motari na abiria wake.

Fundi asilipwe kabla hajamwagia kioo hicho maji, mwenye gari akiona. Na dereva akiona lori linakuja penye tope, mkono uwe tayari kwenye swichi.