Gesi ni yetu, ufunguo wa ghala ameshika nani?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KIJANA wa Unga Limited, hebu utazame ule mtungi ulioko jikoni kwa mama. Gesi iliyomo si ya Songo Songo wala Mnazi Bay. Ni gesi ya kuagizwa nje. Imekuja kwa meli, ikapakiwa kwenye lori na kupandishwa hadi huku kwetu. Mtungi ukiisha na mfuko ukiwa mtupu, mama anarudi kwenye mkaa. Na hii ndiyo nchi iliyogundua gesi yake tangu 1974!

Wakubwa hawachoki kutuimbia kwamba chini ya ardhi na bahari yetu kuna gesi futi za ujazo trilioni 57. Sawa, tumesikia. Lakini mali iliyo ghalani haimshibishi asiye na ufunguo.

Na ghala si neno la mfano tu. Wazungu huweka akiba ya gesi ardhini. Huchukua kisima kikongwe ambacho gesi yake imekwisha kuvunwa, wakasukuma gesi nyingine kwa mashine ikajaa kwenye vitundu vya mwamba ule ule. Mwamba mgumu wa juu huziba kama kifuniko. Wakati wa joto wanajaza, wakati wa baridi wanatoa. Ni kama ghala la mahindi la taifa.

Na katika ghala, bwana ni mwenye ufunguo. Waulizeni Wajerumani! Ghala lao kubwa la Rehden lilikuwa mikononi mwa Gazprom, kampuni ya Warusi. Majira ya baridi ya 2021 kuingia 2022, ghala hilo lilikuwa karibu tupu. Vita ya Ukraine ilipolipuka Februari 2022, ndipo wakashtuka. Mwaka huo huo wakatunga sheria: maghala yajazwe, mwenyewe apende asipende.

Sasa tuje nyumbani. Gesi ya Songo Songo, kule Kilwa, ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Leseni yake ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, kwa hiyo kikomo chake ni Oktoba 2026. Kisima hakitoi milele. Kikichoka, wataalamu wapime: huenda tukabaki na ghala ambalo Mungu amelichimba bure. Je, atapewa nani? Kwa masharti gani?

Tunauliza kwa sababu tunawafahamu hawa watu. Julai 2015 miswada ya mafuta na gesi ilipelekwa Bungeni kwa hati ya dharura. Wabunge wa upinzani waliodai muda wa kuisoma wakatolewa nje. Kichekesho ni kwamba mmojawapo ulikuwa muswada wa uwazi, unaotaka mikataba itangazwe kwa wananchi. Sheria ya uwazi iliyopitishwa kibabe! Ni diwani gani wa Arusha amewahi kuushika mkataba wa gesi mkononi?

Wana Mtwara waliuliza mapema. Mwaka 2013 walitaka kujua watabakiwa na nini bomba likienda Dar es Salaam. Jibu lilikuja Mei: mabomu ya machozi na askari wa jeshi. Watu wakafa. Bomba likajengwa kwa mkopo wa China, likazinduliwa Oktoba 2015. Deni tunalilipa wote, hata machalii wa Ngarenaro.

Na sisi wa Kaskazini tuna fungu gani? Mei 2021 Serikali ilisaini makubaliano mjini Nairobi ya bomba la kutoka Dar es Salaam kupitia Tanga hadi Mombasa. Hatuna ugomvi na Wakenya, ni ndugu zetu. Lakini gesi ikifika Tanga, Arusha imekosa nini? Reli ya Tanga ipo, na treni ilirudi Arusha Oktoba 2020. Gesi inaweza kushindiliwa au kugandishwa iwe kimiminika, ikapakiwa kwenye mabehewa na kushushwa kwenye matangi hapa. Dar es Salaam bajaji zinatembelea gesi ya nchi hii, vifodi vyetu vinaunguza mafuta ya meli. General Tyre ilifungwa 2009, vijana wakaishia kwenye toyo. Kiwanda kipya kitakuja kufuata nini, mkaa?

Ila asije mjanja mmoja na mradi wa kutuchimbia ghala chini ya Mlima Meru. Huu ni mlima wa volkano, ulitoa majivu mara ya mwisho 1910. Julai 2007 ardhi ilitikisika huku hadi watu wakalala nje. Gesi haitaki mwamba wenye nyufa. Kule Aliso Canyon, California, ghala la ardhini lilivuja kuanzia Oktoba 2015 hadi Februari 2016, na maelfu ya familia zikahamishwa. Hiyo ni Marekani, yenye zimamoto wa uhakika!

Tunachodai ni vitu vitatu. Mikataba iwekwe hadharani, kama sheria yao wenyewe inavyosema. Ghala lolote litakalotokana na visima vyetu libaki mali ya taifa, lisigawiwe kimya kimya. Na Kaskazini ipate matangi yake, kwa reli au kwa bomba.

Kigogo akipanda jukwaani na kutaja neema ya gesi, msimzomee. Mwombeni awasomee mkataba, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Akiukosa mfukoni, mmeshajua ufunguo hauko kwenu.