Hendibreki Isiachwe Gereji

Ndugu zangu wenye magari, nanyi mafundi wetu mnaotuweka barabarani, nina ombi moja: gari lisitoke gereji na breki mpya huku halina hendibreki.

Mambo huwa hivi. Mtu ana gari la mtumba kutoka Japani lenye dramu nyuma. Anaambiwa diski ndiyo breki, basi anatafuta ekseli yenye diski kutoka gari lililokatwa spea. Kazi inafanyika, pedeli inakuwa kali, mwenye gari anafurahi. Waya wa hendibreki unakataa kuingia kwenye kaliperi mpya, kwa hiyo unafungwa pembeni chini ya gari: "tutaurudia." Haurudiwi. Tangu siku hiyo, kila likisimama mlimani, mtu anashuka kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi.

Diski za nyuma zina sifa zake, hasa kupoa haraka na kukauka upesi zikilowa. Ila ukikanyaga breki uzito unasogea mbele, na breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Za nyuma zikishika kupita kiasi, tairi za nyuma zinafunga na gari linazunguka. Kwa gari la kupeleka watoto shule, naona fedha hiyo ina mahali pazuri zaidi pa kwenda: tairi zenye kashata, pedi na shuu halisi, hozi mpya, na mafuta ya breki.

Mafuta hayo yanadharauliwa mno. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Dereva anayeteremka Kitonga, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, mguu ukiwa juu ya breki muda wote badala ya kuingiza gia ndogo, anaweza kuyachemsha. Mvuke hubonyea, pedeli inazama, gari halishiki. Yabadilisheni kila baada ya miaka miwili, na msikubali mtu aongezee oili ya injini: inavimbisha raba za breki na kuziharibu.

Kama bado unataka diski nyuma, chagua hendibreki kwanza, ndipo ununue ekseli. Ninayoipenda mimi ni ile diski yenye dramu ndogo katikati yake. Ndani mna shuu mbili za hendibreki peke yake, zinavutwa na waya, wala hazina habari na mafuta ya breki. Ipo pia kaliperi yenye mkono wa waya unaosukuma pistoni. Hiyo ni nzuri ikirekebishwa vizuri, lakini nyingi zinataka pistoni izungushwe wakati wa kuirudisha, na fundi anayeibana kwa jeki ya mkono anaivunja humo ndani. Tena, diski ikiwa ya moto sana, kila kitu kinasinyaa kikipoa na mbano unalegea, hivyo baada ya mteremko mrefu vuta hendibreki kwa nguvu na uingize gia.

Kuna na valvu inayofunga presha ya mafuta kwenye paipu. Hiyo nakusihi usiitegemee kuegeshea gari. Uvujaji mdogo tu, au mafuta yakipoa, presha inashuka na gari linaondoka peke yake. Hendibreki ya kweli inashikwa na chuma. Kanuni ya kimataifa ya breki za magari madogo, R13-H, inataka ishikilie gari lenye mzigo kamili kwenye mwinuko wa asilimia 20, yaani mita 20 za kupanda kwa kila mita 100.

Wenye gari la otomatiki nao wasiseme "mimi naweka P." P ni kipande kidogo cha chuma ndani ya gia boksi. Kisibebeshwe gari zima. Mguu ukiwa kwenye breki weka N, vuta hendibreki, achia breki ya mguu, gari litulie, kisha weka P. Na mnaovuka Kigamboni au Likoni, kumbukeni kwamba kwenye pantoni kuna watu waliosimama mbele na nyuma ya gari lako, na sakafu inacheza.

Kwa hiyo fundi, kabla hujakabidhi funguo, panda na mwenye gari hadi kwenye kilima cha karibu. Mtu mmoja awe na kigingi tayari pembeni. Vuteni hendibreki, toeni gia, achieni pedeli taratibu, pua ikitazama juu. Kisha geuzeni gari mrudie pua ikitazama chini. Likisogea hata kidogo, rudini gereji. Na wewe mwenye gari, mlipe fundi kwa muda huo bila kunung'unika.